SOMO: Jinsi ya kujua kama lori lako limeitwa na kiwanda kwa ubovu wa usukani

Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara kumi na moja. Watu wa Salgaa, wa Kisumu, hata mmoja alinipigia akiwa kwenye foleni ya Malaba: "Fundi, nasikia malori yameitwa kwa sababu ya usukani. Langu limo?" Sitajibu tena mmoja mmoja. Yote nimeyaweka hapa. Soma mpaka chini ndipo uulize.

Rikoli ni kiwanda kukiri kwamba kuna kosa, kutaja magari yenye kosa hilo, na kuyatengeneza bure. Mfano ambao kila mwenye lori anafaa kuujua ni wa Marekani mwaka 2016. Volvo Trucks iliita karibu malori 16,000 ya aina ya VNL, VNM na VNX, modeli za 2016 na 2017. Shafti ya chini ya usukani, yaani ile nondo inayopeleka mzunguko wa usukani kuelekea kwenye tairi, ina vipande viwili, na ilionekana kwamba huenda baadhi zilifungwa bila pini yake, na bolti ya kuiunganisha na shafti ya juu huenda haikukazwa sawasawa. Vipande vikiachana, dereva anazungusha usukani na tairi hazina habari. Hakuna taa inayowaka, hakuna kelele ya kukuonya. Serikali ya huko iliagiza lori lolote la kundi hilo likikutwa barabarani bila kutengenezwa lisimamishwe papo hapo.

Shida yetu huku ni kwamba barua ya kiwanda humfuata mwenye gari wa nchi lilikouzwa mara ya kwanza. Wewe uliyelitoa bandarini Mombasa likiwa mtumba hakuna mwenye simu yako. Utafute mwenyewe.

1. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye tairi.

2. Soma namba ya chesi kwenye chuma chenyewe, usinakili kwenye logbuku. Mara nyingi imechapwa kwenye reli ya chesi, upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Sugua kwa brashi na dizeli, kausha, kisha paka chaki na ufute juu juu kwa kiganja. Chaki hubaki ndani ya mikato na namba inasomeka. Lori la Ulaya au Marekani lina herufi na tarakimu 17, na humo hakuna I, O wala Q. Ukiona O, hiyo ni sifuri. Lori lililotoka Japani moja kwa moja lina kodi ya modeli, kistari, halafu tarakimu. Usishangae namba ikiwa fupi.

3. Tafuta kulingana na lilikotoka. La Marekani angalia kwenye tovuti ya NHTSA, la Uingereza kwenye tovuti ya DVSA (hizo ni ofisi za serikali za usalama wa magari), la Japani kwenye ukurasa wa kiwanda chenyewe (Isuzu, Hino na Fuso wana sehemu ya kuingiza namba ya chesi, ni Kijapani, simu yako itatafsiri). Lililounganishwa hapa Kenya, peleka namba kwa wakala wake.

4. Ukiambiwa "limeshatengenezwa", omba karatasi.

5. Pima mchezo wa usukani. Injini iwake, tairi zinyooke mbele, mwenzako atazame tairi huku wewe ukizungusha polepole kwa kidole mpaka tairi ianze kujibu. Marekani, usukani wa pawa wenye upana wa sm 50 hivi hauruhusiwi kucheza zaidi ya sm 13 pembeni. Mimi nikifika sm 5 tu nazima injini na kulala chini ya gari.

6. Kagua shafti kuanzia chini ya usukani mpaka kwenye boksi ya usukani (gia inayogeuza tairi). Hapa tulieni, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kumuua mtu.

Nilibadilisha yujointi (kiungo kinachoiruhusu shafti ikunjike) ya lori moja la Isuzu FVZ hapa Nakuru. Yujointi huingia kwenye meno ya shafti, kisha bolti inapita kwa ubavu kuibana. Ukitazama vizuri utaona shafti ina mfereji umechongwa kwa kukingama meno. Bolti lazima ipite ndani ya mfereji huo. Ndio unaozuia jointi kuchomoka hata nati ikilegea. Mimi sikuisukuma jointi hadi mwisho. Bolti ikapita mbele ya ncha ya shafti, nikakaza kwa nguvu zote, nikaitazama, ikaonekana sawa kabisa. Lori likaenda Kitale, likapakia mahindi. Likirudi, kabla ya mteremko wa Sachangwan, dereva akasikia "tak" mguuni. Akasimama. Angeweza kudhani ni jiwe na kuendelea. Nilipofika nilikuta jointi imeteleza, na kwenye meno kuna utepe wa chuma cheupe kinachong'aa, upana wa kucha ya kidole gumba. Hayo ndiyo meno yaliyokuwa yamefunikwa. Yaliyobaki yameshikana hayakufika sentimita.

Kwa hiyo:
- Usitosheke kuona bolti ipo. Ishike kwa spana.
- Itoe bolti ukiweza, mulika tochi tunduni, uone mfereji. Usipouona, jointi haijafika mahali pake.
- Chuma cheupe kwenye meno ni alama kwamba kitu kimesogea. Lori halitoki hapo.
- Nati ya kujifunga ukiifungua, weka mpya.
- Chochote cha usukani hakipigwi weldi. Shafti, dropu-amu (mkono unaotoka kwenye boksi), tairodi (fimbo inayounganisha tairi za mbele), hakuna.

7. Jaribu polepole ndani ya yadi kabla ya barabara.

MASWALI

Dereva wa Ahero: Fundi, Volvo FH yangu imo kwa hizo 16,000?

Jibu: Hapana. Nimeandika VNL, VNM na VNX. Hizo ni za Amerika, zina boneti mbele na usukani kushoto. FH ni gari lingine. Lakini fanya hatua ya 2 na ya 3, FH nayo ina orodha yake.

Mwenye Canter Kakamega: Nisaidie kuangalia yangu, ni ya 2015 nyeupe.

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Kondele: Shikamoo fundi. Ninajifunza kazi. Kwa nini shafti isiwe kipande kimoja tu? Si ingekuwa salama zaidi?

Jibu: Marahaba kijana, swali zuri sana. Kabini imekaa juu ya springi zake na boksi ya usukani imefungwa kwenye chesi. Gari likiruka shimo, vitu hivyo viwili vinasogeleana na kuachana, kwa hiyo shafti lazima irefuke na kufupika. Na kabini ya kuinamisha ukiiinua, shafti inakunjika kwenye yujointi. Kipande kimoja kingevunjika. Nikuongezee: ukifunga shafti yenye yujointi mbili, midomo (zile uma) ya jointi iliyo kwenye shafti moja ielekee upande mmoja. Ukikosea, usukani utakuwa mzito na mwepesi, mara mbili kila mzunguko. Piga alama ya patasi kabla hujafungua. Njoo Nakuru siku moja nikuonyeshe.

Bosi wa Miwa: Unatutisha bure. Nimeendesha miaka 20, usukani haujawahi kutoka.

Jibu: Yule dereva wangu alikuwa na miaka 22 barabarani. Uzoefu ulimfanya asimame aliposikia sauti. Haukuirudisha jointi kwenye meno.

Bosi wa Miwa: Sawa, lakini nina mzigo kesho Chemelil. Fundi wa hapa anasema jointi inacheza kidogo, atapiga weldi kidogo nifike.

Jibu: Hapana. Weldi inaunguza ugumu wa chuma, inapasuka baadaye ukiwa na mzigo. Kodisha lori lingine kesho.

Mama Trela: Asante fundi. Nikikuta langu limo na wakala wa hapa si yeye aliyeniuzia, nani analipa?

Jibu: Dada, wakala anaweza kukataa kuifanya bure. Kiandikie pia kiwanda chenyewe, tuma picha ya namba ya chesi na namba ya rikoli. Wakati unangoja jibu, lori lisimame.

Mama Trela: Na dereva atajuaje asubuhi kama bolti imelegea? Hataki kulala chini kila siku.

Jibu: Ukimaliza kukaza, chora mstari mmoja kuanzia kwenye nati ukavuke mpaka kwenye jointi. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Anamulika tochi tu.

Mama Trela: Rangi ya kucha inafaa?

Jibu: Inafaa sana, nyekundu au ya chungwa. Futa mafuta kwanza kwa petroli, iache ikauke. Hiyo hiyo weka kwenye nati za tairi.

Kijana wa Kondele: Fundi, kwetu tunatumia tipeksi.

Jibu: Tipeksi inabanduka gari likioshwa kwa presha. Lakini kwa safari moja itakufaa.