Kuongoza Muziki wa Kompyuta kwa Mkono: Mwongozo kwa Waimbaji wa Taarabu

Mwimbaji wa taarabu anayetumbuiza kwenye harusi ya Mji wa Kale, Mombasa, akiwa na kompyuta badala ya kikundi kamili, hukabiliwa na tatizo moja kubwa: muziki haumsubiri. Akilivuta neno la mwisho wa ubeti, kama inavyompasa, ala huwa zimekwisha kumpita. Tatizo hili hutatulika kompyuta ikiachiwa noti peke yake, na kasi pamoja na nguvu ya sauti zikatoka mkononi mwa mtu, jambo ambalo Mmarekani Max Mathews, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa kompyuta, alilifanya kwa fimbo zake za Radio Baton tangu miaka ya 1980.

Anza na faili ya MIDI, wala si rekodi ya kawaida, kwa kuwa MIDI huhifadhi maagizo ya noti, na hivyo kasi hubadilika bila sauti kuwa nyembamba au nzito. Kila ala, iwe kinanda, besi, tashkota au dumbaki, ipewe chaneli yake. Mkononi utashika simu yenye kihisi cha mwendo, itakayotuma vipimo kwa waifai hadi kwenye Pure Data, programu isiyolipiwa, ambako vitageuzwa kuwa amri.

Kazi ngumu, na inayostahili subira, ni kuifundisha kompyuta kulitambua pigo la mkono. Weka kiwango ambacho mtikisiko mdogo hautakivuka, kisha uagize kwamba baada ya kila pigo yapuuzwe mengine kwa muda mfupi: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo kupuuza kwa milisekunde 250 kunatosha kuzuia pigo moja lisihesabiwe mawili. Muhimu kuliko yote, muziki usivuke pigo linalofuata mpaka mkono uteremke. Noti inayolia itaendelea kulia, kwa kuwa agizo la kuikatiza bado halijafikiwa, na mwimbaji atamaliza pumzi yake kwa raha.

Mwinamo wa simu uelekeze kwenye kidhibiti namba 11 cha MIDI, kinachopandisha na kushusha nguvu ya sauti wimbo ukiendelea, ukiiacha namba 7, ya sauti ya jumla ya kila ala, kwa ajili ya kusawazisha ala. Thamani zake ni 0 hadi 127, ila mimi hupendelea 45 hadi 110, maana chini ya hapo ala humezwa na vigelegele. Tumia wastani wa vipimo vichache vya karibuni ili sauti isirukeruke. Dumbaki usiiguse kwa mwinamo: chakacha ikikosa ngoma thabiti, wachezaji hukosa pa kushika.

Ukumbini, tumia ruta yako mwenyewe, hata isiyo na intaneti, kwa sababu simu za wageni huisonga waifai ya pamoja. Na spika ziungwe kwa waya, kwani bluetooth huchelewesha sauti, pigo likasikika mkono ukiwa umekwisha kupita.