Kabla hujafungua giaboksi ya Land Cruiser pikapu

Hapa Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, Land Cruiser pikapu ndiyo inayotulisha mafundi. Inashuka kutoka Makete na viazi, inatoka Ludewa na mahindi, inarudi kutoka Madibira imelemewa na mpunga. Nyingi ni za toleo la 79 zenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, na giaboksi ya gia tano. Zipo pia za toleo la 75, za zamani, ambazo bado zinapiga kazi. Giaboksi hizi ni imara kweli. Nimefungua ambazo zilikuwa hazijawahi kuguswa na meno ya gia bado yako safi, hayana hata pengo. Nimefungua nyingine za umri uleule, beringi zimesagika na oili imekuwa uji mweusi. Chuma ni kilekile. Kilichozitenganisha ni oili na dereva.

Kwa hiyo gari likianza kukataa gia au kulia, usikubali fundi ashushe giaboksi siku hiyohiyo. Kuishusha ni kazi nzito, na ikishashuka utaambiwa ununue na klachi, na sili (mipira inayozuia oili isivuje), na gasketi. Kuna mambo unaweza kuyaangalia mwenyewe ukiwa na spana ya 24, tochi na beseni la zamani.

Kuangalia oili, kwenye maboksi yote mawili

Egesha mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi. Acha gari litulie kama nusu saa ili oili iliyorushwa juu irudi chini. Usilinyanyue upande mmoja kwa jeki, maana likiinama kipimo kinadanganya. Pikapu hizi ziko juu, mtu anaingia chini bila shida.

Kwenye ubavu wa giaboksi utaona nati mbili kubwa. Ya juu ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. Piga brashi ya waya kuzunguka ile ya juu kwanza, kwa sababu mchanga ukidondokea ndani umeshaingia kwenye beringi. Fungua, ingiza kidole, kikunje kuelekea chini. Oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu. Kidole kikitoka kikavu, umeshapata sehemu ya jibu.

Usiishie hapo. Nyuma ya giaboksi imefungwa transfa, ile inayogawa nguvu kwenda difu ya mbele na ya nyuma, nayo ina nati zake mbili. Weka beseni kabla hujafungua ya juu. Kwenye gari lililofanya kazi miaka mingi, mara kwa mara nakuta hivi: giaboksi imepungua, halafu transfa ikifunguliwa oili inafurika nje na kuteremka hadi kwenye kiwiko. Kisa ni sili iliyo kati ya maboksi hayo. Ikichakaa, oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa kidogo kidogo. Chini ya gari hakuna hata tone. Dereva anaapa kwamba gari halivuji, na anasema kweli kabisa, huku giaboksi inakauka.

Ndani ya giaboksi, shafti ya chini imelala kwenye oili na ndiyo inayoirusha juu inapozunguka. Gia na beringi za shafti ya juu zinaishi kwa oili hiyo ya kurushiwa. Kiwango kikishuka, zile za juu ndizo zinazoanza kuungua, na kelele utaisikia wakati uharibifu umeshakuwa mkubwa.

Ukikuta oili imehama, usiongeze giaboksi peke yake. Utakuwa unaijaza transfa zaidi, itachemka na kusukuma sili zake za nje. Punguza transfa hadi ifike kipimo chake, kisha jaza giaboksi hadi ukingoni. Andika kilometa kwenye kipande cha karatasi ubandike ndani ya mlango. Baada ya wiki mbili za kazi, pima tena. Ikiwa imehama kidogo sana, unaweza kusubiri siku ya kubadilisha klachi, sili iwekwe kwa gharama moja. Ikiwa imehama nusu lita, usisubiri.

Na kabla ya kununua sili, fuata bomba la kupumulia. Giaboksi ikipata moto hewa ya ndani inatanuka. Isipopata njia inatokea kwenye sili iliyo dhaifu. Bomba hilo huziba kwa tope, na huku kwetu nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga humo. Likiwa limeziba, hata sili mpya itashindwa.

Kubadilisha oili

Endesha gari kwanza ili oili ipate joto, itatoka yote pamoja na uchafu. Halafu shika sheria hii: fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Nimeletewa gari limevutwa kwa kamba kwa sababu mtu alimwaga oili yote, akakuta nati ya juu imegoma na imezungukwa hadi kichwa kikawa duara.

Nati ya kumwagia ikiwa na sumaku, isome. Chukua uchafu wake usugue kati ya vidole viwili chini ya jua. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, hauna shida. Ukiona vipande vidogo vya njano vinavyometa, hivyo havishikwi na sumaku, vimo kwenye oili yenyewe. Ni pete za sinkroni zinaliwa, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Ukishika kitu kinachochoma kidole, kipande cha chuma chenye kona, hicho kimetoka kwenye jino au beringi, na hapo ndipo ninapokubali giaboksi ifunguliwe.

Aina ya oili: fuata kitabu cha gari. Mimi kwa hizi naweka ya uzito wa 75W-90, na natafuta kopo lililoandikwa daraja la GL-4 au linalotamka wazi kwamba linafaa giaboksi zenye sinkroni. Baadhi ya oili za difu za GL-5, hasa za bei rahisi, zina viungo vya salfa ambavyo vinakula metali ya njano ya pete. Oili nzito ya 140 inayopimwa kwenye pipa sitaki kuiona kwenye giaboksi. Njombe na Makete asubuhi ya Juni au Julai ni baridi ya kuganda, na oili hiyo inakuwa nzito kiasi kwamba pete ya sinkroni haiwezi kuipenya ili isimamishe gia. Namba mbili inagoma, dereva anasukuma kwa nguvu, na kila akisukuma pete inaliwa. Wengine huweka 140 makusudi ili kuzima kelele kabla ya kuuza gari. Ukinunua pikapu ya mkononi, mwaga oili yake wiki ya kwanza.

Kwa gari la lami nabadilisha kila kilometa 40,000. Kwa linalobeba mizigo kwenye vumbi na milima, kila 20,000. Transfa na difu nazifanya siku hiyohiyo, kwa sababu tayari uko chini.

Maji ni habari nyingine. Mvua zikikolea, njia za mashamba ya Usangu zinajaa, na wenye magari yenye mkonga, lile bomba refu la kuvutia hewa ya injini, wanaingia kwa kujiamini. Mkonga unaokoa injini tu. Giaboksi yenye moto ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia bomba fupi la kupumulia na sili zilizochoka. Kesho yake ukifungua nati ya kujazia utakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hiyo haiponi kwa kuendesha gari hadi maji yakauke. Mwaga, jaza oili mpya, tembea siku moja, mwaga tena. Kama njia yako ni hiyo kila masika, refusha mabomba ya kupumulia ya giaboksi, transfa na difu zote mbili hadi usawa wa boneti. Mpira wa dizeli unaostahimili oili unatosha, ukifungwa vizuri usiguse ekzosi.

Mkono na mguu wa dereva

Gia ya tano inaua giaboksi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Dereva amepakia magunia ya lumbesa kupita uwezo wa gari, anaona mlima, lakini hataki kupangua, yaani kurudi gia ya chini. Injini inanguruma chini, gari linatetemeka, usukani unatetemeka, naye anaendelea kukanyaga. Mtetemo huo wote unapigwa kwenye meno na mifereji ya shafti inayoshika gia ya tano. Mifereji ikilegea, gia inacheza, na siku moja inakataa kuvuta kabisa huku zile nne nyingine zikiwa nzima. Injini ya 1HZ inatoa msukumo wake mkubwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Mshale ukishuka chini ya 1,600 na mzigo uko mgongoni, rudi namba nne. Kwenye namba nne nguvu inapita moja kwa moja kutoka shafti ya injini kwenda shafti ya juu bila kupitia meno ya shafti ya chini. Ndiyo gia inayopumzisha giaboksi. Mimi kwa mzigo kamili nashauri namba tano itumike kwenye tambarare tu.

Kuteremka nyutro ni tabia ninayoichukia waziwazi. Mteremko wa Kitonga umechukua watu wengi mno kwa breki zilizochemka. Weka hilo mbele. Kisha ujue kwamba hata giaboksi inateseka: magurudumu yanazungusha shafti ya juu kwa kasi, wakati shafti ya chini, inayorusha oili, inazunguka kwa mwendo wa sailensa tu, yaani injini bila kukanyagwa mafuta. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia.

Gari likiharibika na kuvutwa, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa injini imezimwa na hakuna oili inayorushwa kabisa. Kwa mwendo mfupi weka transfa kwenye N. Kwa safari ndefu fungua propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayokwenda difu, na kabla ya kuifungua weka alama kwenye flanji zote mbili (pale inapounganishwa) ili irudi ilivyokuwa, la sivyo itakuja kutetemesha gari.

Mengine ni mafupi. Usishikilie gari mlimani kwa klachi, vuta breki ya mkono. Mguu ukae pembeni ya pedali baada ya kubadilisha gia. Mkono usilale kwenye liva. Uzito wake unakandamiza uma wa gia kwenye pete inayozunguka muda wote.

Kusikiliza

Washa injini, weka nyutro, achia klachi. Ukisikia mkwaruzo unaopotea ukikanyaga pedali, ni beringi za shafti ya mbele au ya chini. Kelele ikija unapokanyaga, ni rilisi beringi, ile beringi ya klachi, na giaboksi yenyewe haina kosa. Kelele ikiwapo kwenye gia zote za mwendo isipokuwa namba nne, elekea shafti ya chini.

Gia zote zikigoma kuingia wakati injini imewaka, lakini zinaingia kama siagi injini ikizimwa, klachi haiachii. Hakikisha hivi: kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tano, kisha weka rivasi. Ikikwaruza, angalia oili ya klachi kwenye kikopo, angalia silinda ya chini ya klachi kama imelowa, toa upepo. Mipira ya silinda hiyo ni bei ndogo sana, na inauma kuona mtu ameshushiwa giaboksi nzima wakati tatizo lilikuwa hapo. Gia moja tu ikikwaruza, kwa kawaida namba mbili au tatu, hiyo ni sinkroni ya gia hiyo.

Gia ikiruka yenyewe, usikimbilie ndani. Tikisa giaboksi kwa mtaimbo ukiwa chini; maunti (mpira wa kushikilia injini na giaboksi) iliyokatika huifanya injini icheze na kuvuta liva. Angalia pia boliti za kuunganisha giaboksi na injini. Vyote vikiwa vizima, basi meno ya kushikia yameliwa au uma umepinda.

Ikibidi kununua giaboksi ya mtumba, uwe umeshika ile ya zamani mkononi au picha ya namba zake, kwa kuwa zinafanana kwa nje lakini hazilingani ndani. Zungusha shafti ya mbele kwa mkono huku umeweka kila gia, moja baada ya nyingine. Ivute na kuisukuma; mchezo mdogo upo, kugonga hakufai. Mwombe muuzaji afungue nati ya chini, unuse. Oili iliyoungua ina harufu kali ambayo haijifichi. Dukani wataisafisha nje kwa petroli ing'ae, usinunue mng'ao. Kabla haijapanda kwenye gari, weka sili mpya ya nyuma, ile ya kati ya giaboksi na transfa, maana ikishafungwa hutaifikia tena bila kushusha. Kisha jaza oili mpya, tembea kilometa 1,000 bila mzigo mkubwa, imwage ukiwa umetega kitambaa cheupe juu ya beseni uone kilichotoka, ujaze tena, na upime kwenye matundu ya kujazia ya giaboksi na ya transfa.