Kufundisha Mafundi Swichi: Waivunje Kwanza, Ndipo Waifunge

Ukikabidhiwa kundi la mafundi wa TEHAMA uwafundishe kusanidi swichi (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) za ofisi kubwa na kuzilinda, usianze kwa kugawa orodha ya amri. Watanakili, taa zitawaka, watashukuru, na siku swichi ikikorofisha hawatajua amri ipi ilikuwa ya nini. Darasani kwangu sharti ni moja: hakuna kuandika amri ya ulinzi kabla hujaiona swichi isiyo nayo ikichezewa mbele yako.

Vifaa si vingi. Tafuta swichi mbili zilizostaafishwa, kebo ya konsoli (inayoiunganisha kompyuta moja kwa moja na swichi ili uiandikie amri), kompyuta ndogo kadhaa na ruta moja ya nyumbani. Packet Tracer, programu ya kuiga mtandao, inafaa kwa mazoezi, ila haichukui nafasi ya vifaa halisi. Mifano yangu ni ya Cisco IOS, mfumo unaoendesha swichi za Cisco. Kampuni nyingine zina amri zao, lakini mambo yenyewe ni yaleyale. Maabara hii isiguse mtandao wa kazini hata kwa waya mmoja.

Siku ya kwanza wasome tu. Waingie kwa konsoli, kasi 9600, watumie show interfaces status na show mac address-table, kisha wachore kwenye karatasi nani yuko poti gani. Wenye vyeti watanung'unika kwamba umewarudisha chekechea. Waache wanung'unike. Wengi wao huwa hawajawahi kumtafuta mtu kwa anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa chake) hadi kwenye poti yake.

Halafu mwambie mmoja achomeke kompyuta na kuangalia taa. Itakaa rangi ya chungwa kama sekunde 30 kabla ya kuwa kijani: 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Hiyo ni STP (Spanning Tree), kanuni ya swichi inayohakikisha hakuna mzunguko wa kebo. Sasa wazime STP kwenye swichi zote mbili kwa no spanning-tree vlan 1, waziunganishe kwa kebo mbili, na kompyuta moja itume ping (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinajibu) kwa anwani ambayo haipo. Taa zitapepesa zote kwa pamoja bila kupumua, na konsoli itaanza kusuasua. Fremu ya Ethernet haina kikomo cha safari kama ilivyo pakiti ya IP, hivyo itazunguka mpaka uchomoe kebo. Baada ya hapo huna haja ya kumbembeleza mtu arudishe STP na kuweka spanning-tree bpduguard enable, inayofunga poti ikisikia ujumbe wa STP, kwenye poti za watumiaji.

Kwa manenosiri, fungua Wireshark, programu ya kusoma data inayopita mtandaoni, mtu aingie kwenye swichi kwa Telnet, nanyi msome nenosiri lake herufi kwa herufi. Kisha SSH, njia ya kuingia iliyosimbwa, ufunguo wa RSA wa biti 2048, na transport input ssh. Waonyeshe pia kwamba service password-encryption haifichi kitu: maandishi ya aina ya 7 hufumbuliwa papo hapo. Watumie enable secret, ambayo haifumbuliwi hivyo.

Sasa ile ruta ya nyumbani. Ichomeke kwenye poti yoyote ya mtumiaji kupitia tundu lake la LAN, kisha kompyuta ziombe anwani upya kwa DHCP, huduma ya kugawa anwani za IP. Baadhi zitajibiwa na ruta, zikapata njia isiyofika popote. Hakuna mvamizi hapa, ni mfanyakazi aliyetaka Wi-Fi mezani kwake. Wakishaelewa, wawashe ip dhcp snooping, inayozuia majibu ya DHCP kutoka poti zisizoaminika, na kutaja VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) husika. Usiwaambie kwamba poti zote sasa zimehesabiwa kuwa haziaminiki. Wasubiri mpaka hata seva halali ya DHCP inyamazishwe, watafute sababu, ndipo waandike ip dhcp snooping trust kwenye poti inayoelekea kwenye seva. Ukaguzi wa ARP (ujumbe unaooanisha anwani ya IP na ya MAC) huja baadaye, kwa kuwa unategemea jedwali la anwani zilizogawiwa kwa DHCP. Printa yenye anwani ya kudumu haimo kwenye jedwali hilo, na itakatwa usipoiandikia ruhusa yake.

Ulinzi wa poti, yaani kikomo cha anwani za MAC kwa kila poti, ndio unaoleta simu nyingi za malalamiko, kwa hiyo upe muda. Kikomo kikivukwa, kuna hatua tatu: protect hutupa fremu kimyakimya, restrict hutupa na kuandika kumbukumbu, shutdown hufunga poti. Mimi sipendi protect, maana fundi atahangaika asubuhi nzima bila dalili yoyote. Kikomo kiwe na akili: meza yenye simu ya IP na kompyuta nyuma yake haiwezi kuishi na anwani moja. Poti ikifungwa, wazoee kusoma show port-security interface kabla ya kukimbilia no shutdown.

VLAN wanazijua, usikae hapo. Sisitiza watumiaji watoke VLAN 1, poti zisizotumika zizimwe, na poti za mezani ziwe switchport mode access pamoja na switchport nonegotiate ili mtu asijadiliane na swichi hadi apewe tranki, njia inayobeba VLAN nyingi.

Tabia moja waibebe mpaka kazini. Kabla ya kubadilisha swichi iliyo mbali, hifadhi usanidi unaofanya kazi, kisha andika reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Mambo yakiwa sawa, reload cancel, ndipo uhifadhi. Anayehifadhi mapema ameitupa kinga yake mwenyewe.

Mtihani wangu hauna maswali. Nawapa swichi niliyoiharibu na lalamiko la mstari mmoja: "Ghorofa ya pili hawana mtandao." Fundi aandike kwanza anachoshuku na amri ya kuthibitisha, ndipo aguse kitu. Anayezima ulinzi wote ili watu waendelee na kazi, hata mtandao ukirudi, anarudia mtihani.