Kufuatilia Kalsiamu ya Mtoto Aliyezaliwa na Mama Mwenye Presha ya Ujauzito

Mtoto akiwa tumboni hupata kalsiamu mfululizo kupitia kondo la nyuma, na kitovu kinapokatwa njia hiyo hufungika, hivyo kiwango chake katika damu hushuka kwa kila mtoto na kufika chini kabisa kati ya saa 24 na 48 baada ya kuzaliwa. Mama akiwa na presha ya ujauzito, mtoto mara nyingi huzaliwa njiti, au akiwa na uzito mdogo, au akiwa amepungukiwa na hewa wakati wa uchungu, na hayo ndiyo hasa huzidisha mshuko huo.

Anza na faili la mama. Angalia kama alipewa magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, kiasi gani na kwa muda gani, kwa kuwa dawa hiyo humfikia mtoto, na ikizidi katika damu yake huizuia homoni ya parathairoidi, ambayo kazi yake ni kuinua kalsiamu ya damu, isiipandishe. Mtoto huyo huweza kuwa mlegevu, kupumua kwa shida na kunyonya kwa unyonge, dalili ambazo ni rahisi mno kuzidhania kuwa uchovu wa kuzaliwa.

Mnyonyeshe mapema iwapo hali yake inaruhusu. Akiwa njiti, mdogo au aliyekosa hewa, pima kalsiamu saa 24 na urudie saa 48 hata akionekana mzima, maana wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Jumla ya kalsiamu katika damu iliyo chini ya 8 mg/dL (miligramu kwa desilita) kwa aliyetimiza miezi ya kuzaliwa, au chini ya 7 mg/dL kwa njiti, ni pungufu.

Akitetemeka, mshike mkono kwa upole: mtetemeko hutulia, degedege huendelea chini ya kiganja chako. Vyote viwili vinahitaji kipimo, na sukari ipimwe papo hapo bila kungoja majibu ya maabara.

Degedege la upungufu wa kalsiamu hutibiwa, kwa agizo la daktari, kwa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo, ikiingizwa mshipani polepole kwa dakika 10 au zaidi huku moyo ukifuatiliwa. Mapigo yakipungua, simamisha. Usiondoe macho penye kanula, yaani mrija mdogo uliochomekwa mshipani, kwani dawa ikivuja huharibu ngozi na nyama. Kalsiamu isipopanda baada ya dozi, pima magnesiamu, kwa sababu magnesiamu ikiwa chini, kalsiamu haitapanda mpaka nayo irekebishwe.