Ndege zikikatika tena, vile utaokoa kibiashara chako cha wageni hapa Malindi

Jamani naandikia wenye vijumba vya kukodisha, wa mashua, wa tuktuk, mama anayepelekea hoteli mahamri, sisi sote tunaokula kwa mgeni. Ugonjwa kama korona ukirudi, hivi ndo ningefanya.

Kwanza usingoje kutangaziwa na serikali, angalia kwao mgeni wako. Wetu wengi walikuwa Waitaliano. Italia ilitangaziwa kufungwa nchi nzima tarehe 9 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza Kenya akatangazwa tarehe 13, yaani Malindi tulikuwa tushapoteza wageni kabla ugonjwa haujaonekana hapa. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, 27 kafyu, tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi nzima haingii mtu hatoki mtu. Mimi niliamka hiyo tarehe 25, na friza nishaijaza jibini na mvinyo wa wageni wa Pasaka, pesa ambayo ingemlipa mpishi wangu mwezi mzima. Siku ukisikia kwao kumefungwa, siku hiyo hiyo simamisha oda zote.

Halafu depoziti. Hiyo si pesa yako mpaka mgeni alale, iweke akaunti yake peke yake kuanzia leo. Na umwandikie wewe kabla hajakuandikia, mwambie chumba kipo, tarehe tunasogeza, bei ni ile ile. Wengi wanakubali. Anayetaka pesa zake mrudishie, hata kidogo kidogo, ila mpe tarehe na uishike manake huyo ndo atakuja kuwaambia wenzake.

Mkopo, nenda benki ukiwa bado unalipa vizuri. 2020 Benki Kuu ilikubaliana na mabenki waongezee watu muda, lakini ni mikopo iliyokuwa inalipwa sawa kufikia tarehe 2 Machi, sasa wewe ushachelewa miezi mitatu utaenda kuongea nini? Mwenye nyumba naye muone kabla ya tarehe ya kodi.

Wafanyakazi wafungulie daftari, wajionee wenyewe kilichobaki ni kiasi gani. Likizo bila mshahara muandikiane na wasaini, usimwambie mtu tu kwa simu asije, ana watoto huyo. Askari na mmoja wa usafi wabaki, na hapa naomba mnisikize vizuri, manake nyumba ya pwani ikifungwa inaoza. Wiki mbili tu bila klorini puli yangu iligeuka kijani kama mboga, kuisafisha ikanigharimu kuliko klorini ya miezi. Kila asubuhi fungua madirisha, magodoro yasimamishe yapate upepo, fungulia mifereji maji yatembee, AC iwashe dakika kumi mara mbili kwa wiki manake chumvi ya bahari inakula zile chuma. Makuti yakague kabla ya masika na nguzo zigonge usikize kama mchwa keshaingia. Aliyefunga mlango akaenda zake, mambo yalipofunguka hakuwa na chumba cha kumpa mtu.

Na yalipofunguka hawakuja Waitaliano. Mwaka 2019 wageni wa nje waliofika Kenya walizidi milioni 2, mwaka 2020 hata laki 6 hawakufika, na ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti. Waliotuinua ni watu wa Nairobi, walifunguliwa kutoka kwao tarehe 7 Julai na ndege za ndani zikaanza tarehe 15. Sasa mgeni huyu jiandae naye mapema, hata sai kukiwa shwari, weka bei ya wenyeji wa Kenya ya low season, ile miezi wageni wa nje ni wachache. Mama mmoja alifika kwangu na watoto watatu na laptop, hakuuliza bahari iko wapi, aliuliza intaneti na sufuria kubwa. Anataka jiko, anataka kulipa nyumba nzima sio kwa kichwa, bei iwe kwa shilingi na alipe na M-Pesa, jioni apelekwe magofu ya Gede au korongo la Marafa na tuktuk ile ile unayoijua ili na yule dereva apate. Friza nayo, jaza samaki wa hapa, changu na tafi.