Kwenda Grand Canyon wakati wa baridi: barafu, saa za mwanga na njia za kushuka

Wengi husikia neno jangwa wakafungasha kofia ya jua na fulana. Ukifika Grand Canyon, korongo kubwa la jimbo la Arizona nchini Marekani, mwezi wa Januari na mzigo wa namna hiyo, utalitazama kupitia kioo cha gari. Ukingo wa kusini, ambao vibao vyote huuita South Rim, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wa misonobari. Mchana wa Januari joto huwa kama nyuzi 6 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 7 au 8 chini ya sifuri. Huko chini kwenye mto Colorado, penye kambi ya Phantom Ranch, mchana hufika nyuzi 13 hivi na theluji huanguka kwa nadra. Unajiandaa kwa hali mbili za hewa kwa mpigo, na ile kali ndiyo utakayoanza nayo na kumalizia nayo.

Usipange ukingo wa kaskazini. Uko juu zaidi, karibu mita 2,400, na barabara namba 67 inayouendea hufungwa kwa sababu ya theluji kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi katikati ya Mei. Isitoshe, hoteli ya kihistoria iliyokuwa huko iliteketea kwa moto wa msitu Julai 2025. Kila kitu kinachofuata hapa kinahusu South Rim, ambayo iko wazi mwaka mzima.

Kufika na kulipa

Kutoka Phoenix ni kama kilomita 370, kutoka Las Vegas 450 hivi, na kutoka Flagstaff 130. Anayetoka Las Vegas akumbuke kwamba wakati wa baridi Arizona iko mbele kwa saa moja. Saa hiyo ukiipoteza bila kujua, machweo yatakukuta barabarani.

Kutoka Flagstaff kuna njia mbili. Barabara namba 180 ni fupi zaidi, lakini inapanda kwenye miinuko ya San Francisco Peaks na hupata theluji nyingi. Siku ya dhoruba ni afadhali upite magharibi kwa barabara kuu ya I-40 hadi mji wa Williams, kisha uelekee kaskazini kwa namba 64. Jaza mafuta kabla ya kuondoka Williams au Flagstaff, kwani ndani ya kijiji cha Grand Canyon hakuna kituo cha mafuta. Weka blanketi, maji na chakula kwenye gari, maana theluji ikizidi barabara hufungwa kwa saa kadhaa na watu hulazimika kungoja palepale walipo. Asubuhi, sehemu zenye kivuli huwa na utando wa barafu usioonekana. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu.

Asiyependa kuendesha kwenye theluji apande treni ya Williams, ambayo ilianza kwenda ukingoni mwaka 1901. Safari huchukua zaidi kidogo ya saa mbili, na utapata saa chache tu za kukaa pale kabla ya kurudi. Zinatosha kutembea ukingoni, hazitoshi kushuka korongoni.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari dogo, na kinatumika siku 7. Tangu 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anatozwa dola 100 za ziada kwa kila kichwa katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, na Grand Canyon ni mojawapo. Kadi ya mwaka ya wasio wakazi ni dola 250, kwa hiyo ukikusudia kuingia hifadhi tatu kati ya hizo, kadi inakuwa nafuu. Piga hesabu hiyo nyumbani, si getini.

Nguo na vifaa

Kinachowaletea watu taabu zaidi ni jasho kuliko theluji yenyewe. Unapanda kutoka korongoni, mwili unachemka, fulana ya pamba inalowa, halafu unasimama dakika tano kupiga picha kwenye upepo. Pamba hushika maji na kunyonya joto la mwili. Baada ya muda mfupi meno yanagongana. Vaa tabaka: ndani nguo ya sufu au ya nyuzi zinazokauka haraka, katikati sweta nzito, juu koti linalozuia upepo na maji. Vua tabaka moja kabla hujaanza kutoka jasho, na livae tena kabla hujaanza kusikia baridi. Glovu, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua na soksi za akiba ni vya lazima. Theluji ikiakisi jua, macho huuma hata kwenye baridi kali.

Kifaa kisichokuwa na mbadala ni meno ya chuma ya kuvalisha juu ya viatu, yaliyoshikanishwa kwa mpira na minyororo. Fimbo mbili za kutembelea husaidia sana, ila hazichukui nafasi ya meno hayo. Simu weka mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza betri upesi. Maji yabebe kwenye chupa. Ukitumia mfuko wenye mrija, mrija huganda kwanza.

Kushuka korongoni

Jua la majira haya hupita chini, upande wa kusini, na ukuta ulio chini ya South Rim unatazama kaskazini. Ndiyo maana sehemu ya juu ya njia ya Bright Angel huwa na barafu hata wiki nyingi baada ya dhoruba. Theluji hukanyagwa na watu na baghala, huyeyuka kidogo mchana, huganda tena usiku, na mwisho wake hubaki barafu ngumu inayong'aa. Njia ya South Kaibab inafuata mgongo wa mlima, hivyo hupata jua zaidi, lakini mikunjo yake ya mwanzo nayo iko kivulini. Vaa meno ya chuma kabla ya hatua ya kwanza, wala usingoje mpaka uteleze. Ukifika penye mwamba mkavu yavue, maana juu ya jiwe hukwaruza na kukukwaza, halafu uyavae tena wakati wa kurudi.

Kwa anayeshuka mara ya kwanza, South Kaibab hadi Ooh Aah Point ni kilomita 1.4 tu, na mandhari yake ni mapana kuliko ya mwanzo wa Bright Angel. Ukiwa bado na nguvu, endelea hadi Cedar Ridge, kilomita 2.4 kutoka juu na mita 340 chini. Huwezi kuegesha gari pale njia inapoanzia. Panda basi la bure la hifadhi, la mstari wa rangi ya chungwa. Njia hii haina maji kabisa. Bright Angel ina mabanda ya kupumzikia kwenye maili 1.5 na maili 3, ila mabomba yake hufungwa wakati wa baridi ili yasipasuke. Bomba kuu linaloleta maji South Rim nalo ni la miaka ya 1960 na hupasuka mara kwa mara, kiasi cha kuathiri hata hoteli. Angalia tovuti ya hifadhi siku moja kabla ya safari.

Saa ni jambo la kupangwa kwa kalamu. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa 1:35 asubuhi na kuzama kama saa 11:15 jioni. Kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka, na kwa anayetoka usawa wa bahari huweza kuzidi, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukianza saa 4 asubuhi ukitaka kuwa juu saa 10 jioni, una saa sita: mbili za kushuka, nne za kupanda. Basi saa 6 kamili mchana geuka, hata kama banda linalofuata unaliona. Kushuka hadi mtoni na kurudi siku hiyohiyo usijaribu. Kulala chini ya ukingo kunahitaji kibali au nafasi iliyolipiwa mapema.

Mkikutana na msafara wa baghala, simama upande wa mlimani, kaa kimya, na ufuate maelekezo ya anayeuongoza.

Kutazama kutoka juu

Hapa ndipo majira ya baridi yanapoizidi miezi mingine yote. Barabara ya Hermit Road, kilomita 11 kuelekea magharibi, hufungiwa magari binafsi kuanzia Machi hadi Novemba. Desemba, Januari na Februari unaiendesha mwenyewe, ukisimama utakapo. Hopi Point ni pazuri kwa machweo kwa kuwa imejitokeza mbele. Pima Point, siku isiyo na upepo, unausikia mto Colorado. Upande wa mashariki, barabara ya Desert View ina kilomita 40 hivi hadi mnara uliobuniwa na msanifu majengo Mary Colter na kukamilika 1932. Kutoka huko mto unaonekana vizuri.

Kaa mita mbili nyuma ya ukingo. Theluji hujikusanya ikaning'inia nje ya mwamba, na aliye juu yake hadhani kwamba chini hakuna kitu. Sehemu nyingi hazina vizuizi.

Ukikuta ukungu umelijaza korongo lote, usiondoke mara moja. Ingia jumba la makumbusho la jiolojia la Yavapai, lenye madirisha makubwa yanayotazama korongo, ujifunze tabaka za miamba huku ukingoja. Mawingu hufunguka ghafla, mara nyingi kwa dakika chache tu. Nafasi nzuri zaidi ni asubuhi inayofuata dhoruba, kwa hiyo anayeweza alale usiku mmoja kijijini au Tusayan, nje kidogo ya geti. Akiondoka jioni, aendeshe polepole: paa wakubwa wa huko, waitwao elki, hutoka msituni na kusimama katikati ya barabara.