Kuzipa Majina Etha Sahili: Anza Kwenye Oksijeni

Wengi wanaokosea jina la etha (molekuli ambayo oksijeni yake imeshika kaboni pande zote mbili) wanajua kemia yao vizuri. Wameanzia kuhesabu mahali pasipofaa. Wakiona CH3CH2–O–CH2CH2CH3 wanahesabu kaboni 5 mfululizo, wanaandika jina lenye pentani ndani yake. Pentani haimo. Mnyororo wa kaboni unakatika pale oksijeni ilipokaa, na hesabu inafanywa upande kwa upande.

Hatua ya 1: Chora oksijeni na majirani zake

Andika O, kisha bondi zake 2. Zote mbili zikishika kaboni, unayo etha. Upande mmoja ukishika haidrojeni, hiyo ni alkoholi. Na kama kaboni mojawapo inayoigusa oksijeni ina oksijeni ya pili kwa bondi maradufu, hiyo ni esta, na taratibu zake za majina ni nyingine kabisa.

Usiichore etha kama fimbo iliyonyooka. Oksijeni ina jozi 2 za elektroni zisizoingia kwenye bondi, kwa hiyo molekuli hupinda. Katika methoksimethani (CH3–O–CH3), pembe ya C–O–C ni takriban nyuzi 112. Ya maji ni 104.5. Vikundi vya methili (CH3) ni vinene kuliko haidrojeni, hivyo vinasukumana.

Mchoro huo una maana nje ya daftari. Kwa kuwa hakuna O–H, molekuli za etha hazishikani zenyewe kwa zenyewe kwa bondi za haidrojeni. Ethanoli na methoksimethani zina fomula moja, C2H6O, lakini ya kwanza huchemka kwenye 78 °C na ya pili kwenye −24 °C hivi. Ethoksiethani (CH3CH2–O–CH2CH3) huchemka kwenye 34.6 °C. Hapa Mombasa, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika 32 au 33 bila shida, kwa hiyo chupa iliyo mezani katika maabara isiyo na kiyoyozi inakaribia kuchemka yenyewe. Ifungue polepole, chini ya mlango wa kuvutia hewa chafu, wala pasiwe na moto chumbani: mvuke wake ni mzito mara 2.6 kuliko hewa, hutambaa juu ya meza na kuufuata moto ulio mbali.

Kwa maji mambo ni tofauti. Oksijeni ya etha bado inaweza kupokea haidrojeni ya maji, ndiyo maana ethoksiethani huyeyuka kiasi cha gramu 6 hadi 7 katika mililita 100, karibu sawa na butan-1-oli, alkoholi ya kaboni 4.

Hatua ya 2: Kata, kisha pima pande mbili

Upande mrefu ndio shina, nao unachukua jina la alkani (methani, ethani, propani na kuendelea). Upande mfupi, pamoja na oksijeni, ni tawi lenye kiishio -oksi: methoksi, ethoksi, propoksi. CH3–O–CH2CH3 ni methoksiethani. Ukiandika ethoksimethani umegeuza shina kuwa tawi. Ule mfano wa mwanzo ni 1-ethoksipropani.

Hatua ya 3: Weka namba

Hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Namba inaonyesha kaboni ya shina iliyoshika oksijeni, na hesabu huanzia mwisho unaotoa namba ndogo. CH3CH(OCH3)CH3 ni 2-methoksipropani. Anayeiita 1-methoksi-1-methiliethani ameacha kaboni moja ya shina akaifanya tawi. Tafuta mnyororo mrefu hata kama umechorwa kwa kupinda.

Pande zote zikitoa namba zilezile, alfabeti inaamua: CH3CH(OCH2CH3)CH(CH3)2 ni 2-ethoksi-3-methilibutani, kwa sababu ethoksi hutangulia methili. Methoksiethani na ethoksiethani hazihitaji namba.

Kukiwa na kikundi cha OH kwenye molekuli hiyohiyo, alkoholi ndiyo inayomiliki kiishio cha jina, na etha hubaki tawi: CH3OCH2CH2OH ni 2-methoksiethanoli.

Hatua ya 4: Lijue jina la dukani

Wauzaji wa kemikali hutaja vikundi viwili kwa alfabeti kisha wanamalizia na etha: ethili methili etha, daiethili etha. Chupa iliyoandikwa “etha” tu kwa kawaida ni ethoksiethani. Andika na tarehe ya kuifungua, kwani ikikutana na hewa na mwanga hutengeneza peroksidi (kemikali zenye oksijeni 2 zilizoshikana), ambazo hulipuka unapokausha mabaki kwa joto. Chupa ya zamani yenye fuwele mdomoni usiiguse. Mwite msimamizi wa maabara.

Hatua ya 5: Jihakiki

Andika etha zote za C4H10O. Ziko 3: 1-methoksipropani, 2-methoksipropani na ethoksiethani. Ukipata ya nne, angalia kama si 1-methoksipropani uliyoichora kuanzia kulia ukaipa jina la propoksimethani. Kisha hesabu haidrojeni: etha yenye minyororo wazi na bondi moja-moja hufuata CnH2n+2O. Zikipungua 2, kama kwenye C4H8O, umefunga duara au umeacha bondi maradufu mahali fulani. Duara la kaboni 4 na oksijeni 1 lina jina lake, oksolani, na -oksi haiingii hapo.